Moto Haushukuriwi

Katika laini ile ya nyumba mtaani Kaloleni, njiti moja ya kiberiti ilitosha nyumba sita. Kila jioni mwanamke mmoja, kwa zamu, aliwasha jiko lake uani. Makaa yakishakolea, wenzake walikuja na vifuniko vya sufuria vilivyochakaa, kila mmoja akachota mawili matatu ya kuamshia jiko lake. Hakuna aliyemwaga mafuta ya taa bure, wala aliyepepea moshi hadi macho yakavimba. Na hakuna aliyewafundisha. Shida ndiyo iliyowafundisha, na shida haikuja na gari.

Wayua aliijua asili ya desturi hiyo, maana ilianzia mlangoni pake. Mwaka wa hamsini na nne, mkoloni alipoizingira mitaa alfajiri na kuwazoa Wakikuyu kwa malori, jirani yake Waruguru alichukuliwa unga ukiwa bado mikononi. Wayua, Mkamba wa Machakos aliyekuwa bado bi harusi, alimbeba mgongoni Thuo, mtoto wa Waruguru, akamwambia askari usoni kwamba huyo ni wa tumbo lake. Akamlea hadi mama yake aliporudi kutoka kizuizini amekonda kama ufito, nyumba baridi, ndani hamna hata kiberiti. Wayua akamletea moto juu ya kifuniko. Waruguru akafungua kinywa ashukuru, mwenzake akamkatiza.

"Moto haushukuriwi, Mama Thuo. Ukishukuru umelipa. Ukilipa, tumemalizana."

Tangu siku hiyo, ukipewa moto katika laini ile uligeuka ukaenda zako kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, watu wakila mahindi ya manjano ya msaada na makaa yakiuzwa kama dawa. Ndipo watu wa mradi walipofika kwenye ukumbi wa Kaloleni. Bibi mmoja aitwaye Kezia, mwenye viatu visivyojua matope, akawaambia akina mama kwamba wao ndio wanaomaliza misitu ya nchi. Nje, dereva wake alikaa garini injini ikinguruma, tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Wayua aliwakumbuka wakubwa waliogawiana vibali vya kukata miti. Hata mmoja wao hakuwahi kulala Kaloleni.

Lakini jiko alilolileta Kezia lilikuwa jiko kweli. Bati nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba, na kimlango cha kupunguza hewa. Wayua alilishika akalipenda. Kosa la aliyelileta halikuwa la jiko. Jiko lenyewe lilikuwa moja tu, akapewa Waruguru kulijaribu kwa wiki moja, makaa yake yakipimwa. Yakitosha, angefanywa mwalimu wa majiko, alipwe mshahara. Waruguru, aliyezeekea juani akiuza sukuma wiki soko la Jericho, alilipangusa jiko lile kama anayemwogesha mtoto.

Jioni ya mwisho ya wiki hiyo zamu ilikuwa yake. Mvua iliyokataa mwaka mzima ilichagua siku hiyo kunyesha, ikalowesha makaa na vijiti vya kila mtu. Na siku hiyo hiyo Ndindi, mke wa Nzuki mwana wa Wayua, alikuwa ametoka hospitali na kichanga. Alitetemeka, akaomba uji. Wayua akachukua kifuniko chake.

"Hodi, Mama Thuo."

"Karibu, Mama Nzuki. Pole na mvua."

"Nipe moto. Mzazi wetu anatetemeka."

Waruguru aliinama akafunga kile kimlango. "Leo sina."

Wayua aliyatazama makaa, mekundu kama macho ya mlevi. "Huna nini?"

"Yamepimwa. Kezia anakuja kesho na mizani. Nikitoa hata moja hesabu itaharibika. Tena alisema kugawa moto ndiko kupoteza joto. Kila mtu na jiko lake."

"Na sisi tutayapata lini hayo majiko?"

"Nikishakuwa mwalimu, la kwanza ni lako. Haki ya Mungu. Nivumilie leo tu, dada."

Nduta wa nyumba ya pembeni, ambaye naye alikuwa amekuja na kifuniko chake, alicheka puani. "Kumbe siku hizi moto una karani. Turudi tukalete mihuri."

Wayua hakucheka. "Mimi Thuo sikumpima," alisema, akaondoka.

Chini ya kitanda chake walikuwa wamelala wanyama wa mwisho aliowachonga marehemu mumewe, Maingi: twiga mmoja na swara wawili. Watalii walikuwa wamewaulizia, naye akakataa kuwauza. Aliwapasua kwa panga. Twiga alishika upesi, mafuta ya kung'arishia yakilia. Uji ukaiva, Ndindi akanywa, maziwa yakashuka. Nduta alipokuja na kifuniko, Wayua akamchotea moto wa swara. Nduta akageuka, akaenda zake kimya.

Kezia alipima, akapiga makofi, akapiga picha. Waruguru akapata kazi, na neno lake akalitimiza: jiko la kwanza lililokuja lilikuwa la Wayua. Baadaye kila nyumba ikapata lake. Na kila nyumba ikanunua kiberiti chake na chupa yake ya mafuta ya taa, mioshi sita ikapanda pale ulipokuwa ukipanda mmoja. Moshi huo haukupimwa na mtu.

Jioni moja Waruguru alichelewa kurudi kutoka Mowlem alikokuwa akifundisha, akakuta kiberiti chake kimelowa. Wayua aliusikia mwendo wake kabla hajabisha, akafungua kimlango cha jiko lake. Alimchagulia makaa yaliyokolea kuliko yote, akayapanga juu ya kifuniko chake.

Waruguru aliyapokea, akatabasamu kama anavyowatabasamia wanafunzi wake.

"Asante sana, Mama Nzuki."

Wayua alingoja kidogo, pengine atashtuka. Hakushtuka.

"Karibu," akamjibu, kama ajibiwavyo mgeni. Kisha akachukua kijiti, akayasogeza makaa yaliyobaki kuziba pengo.