Hatua ya Kumi na Moja

Mzee Eliud alikuwa ndani ya jeneza sebuleni, na hapo kijijini kwake Ipyana ilibaki kazi moja: kumlaza kando ya mkewe, kama alivyowaagiza wanawe. Kando, si juu yake. Kaburi la mkewe lenyewe halikuonekana tena. Miaka mitatu nyuma mto ulifurika mpaka uani, ukang'oa mimea ya masale iliyopandwa kichwani na miguuni pa marehemu, ukaacha mchanga mtupu.

"Hatua tisa kutoka kona ya jiko, kuelekea kwenye shamba la kokoa," alisema Lameck, mtoto wa kwanza, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Mbeya. "Nilizihesabu mwenyewe siku tulipomzika mama. Tisa ni mama. Kwa hiyo baba tutamchimbia ya kumi na moja."

"Jiko limesogea," Angetile alisema.

Hakuna aliyegeuka. Angetile, mdogo wake, ndiye aliyekuwa akiishi na mzee. Alikuwa na ugonjwa wa akili, alichomwa sindano kila mwezi, na siku nyingine alijibizana na sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Lakini akifumba macho, ua mzima ulimjia ulivyokuwa. Aliweza kuugeuza, akautazama toka juu ya paa, akauzunguka toka upande wa migomba. Kliniki, nesi aliwahi kumwonyesha maumbo kwenye karatasi, akamwambia ayazungushe kichwani. Angetile alijibu yote kabla nesi hajamaliza kueleza. Sasa aliliona jiko la zamani, lile lililobebwa na maji, na hili jipya hatua mbili karibu zaidi na barabara, mbali zaidi na kokoa. Na chini ya ile hatua ya kumi na moja alimwona mama, amelala kwa ubavu wa kulia.

"Kaka, kumi na moja ni mama! Mtamchimba mama!"

"Mtoeni hapa," Lameck alisema, bila hata kupandisha sauti.

Basi wenye akili timamu wakashika majembe na mabeleshi. Kusogea hatua mbili tu na kuchoma mchanga kwa mtarimbo, waone kama mama yupo, kuliwashinda; ingekuwa aibu, watu wazima kufuata maneno ya mgonjwa mbele ya wachungaji wawili. Tusekile, dada yao aliyeolewa Talatala, alimshika Angetile mkono akamvuta pembeni.

"Nyamaza, mdogo wangu. Leo usitutie aibu. Ndaga, asante, nyamaza."

Alinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mimi, niliyekuwapo msibani, hadi leo: alinyamaza kwa sababu aliombwa kwa upole, na alikuwa hajaombwa kwa upole muda mrefu.

Mchanga ulikuwa laini, shimo likashuka upesi. Walipofika kiunoni, beleshi liligonga ubao uliooza, likazama. Mchimbaji alilivuta kwa nguvu. Likatoka na kitambaa cha bluu cha sare ya kwaya, na ndani ya kitambaa mlikuwa na mbavu.

Wanawake walipiga yowe. Mchimbaji aliruka nje, akaenda kutapika kwenye migomba. Lameck alibaki ukingoni, kisha akamwendea Angetile. Kwa mara ya kwanza maishani alimsogelea kama mtu anayehitaji msaada.

"Angetile. Tumlaze wapi mzee? Nionyeshe."

Angetile alifumba macho. Ua ulimjia kama kawaida, na beleshi lilikuwa limezama katika kifua cha mama. Akaugeuza. Akautazama toka juu, toka kwenye kokoa, toka barabarani. Kila upande, beleshi lilikuwa mbele yake, kubwa, likifunika ardhi yote. Alijua halitaondoka, maana hakuna picha iliyowahi kuondoka kichwani mwake.

"Sioni," alisema, na machozi yakamtoka. "Kaka, sioni pengine popote."

Lameck aliwageukia watu, na uso wake ulionekana kupata nafuu.

"Si mmesikia wenyewe?" alisema. "Hata yeye hajui."