Hatua za Mzee Kang'ethe

Githae alikuwa na kiti chake ofisini, na kiti kile kilimjua kuliko mkewe alivyomjua. Miaka kumi na sita alikuwa amekikalia katika kiwanda cha magunia kule Thika, akipokea maagizo kwenye kompyuta na kuyapangia malori. Saa mbili asubuhi anaketi. Saa saba anafungua mkebe wa chakula palepale. Saa kumi na moja anainuka huku magoti yakilia. Chai aliletewa, karatasi alitumiwa, na hata haja akiweza kuiahirisha aliiahirisha. Kitambi nacho kilikuja polepole, kwa adabu zake, mpaka siku moja akagundua kwamba kufunga kamba za viatu kumekuwa kazi ya kushikilia pumzi.

Mwezi wa pili mwaka huu Surekha, binti wa mwenye kiwanda na msimamizi wa mambo ya wafanyakazi, aliwaita watu wote wa ofisini. Yeye mwenyewe kila mchana alivaa raba akazunguka uwanja wa malori mara tano, jua au mawingu.

"Nyinyi mnakaa mpaka mnaota mizizi," aliwaambia. "Sasa kila mtu aweke hii app ya kuhesabu hatua kwa simu yake. Ukifikisha hatua elfu hamsini kwa wiki, Ijumaa unatoka saa sita. Na si uende kulala. Uende utembee."

Githae alijaribu, tusimnyime haki yake. Siku ya kwanza alipata hatua elfu tatu. Siku ya pili akashuka kituo kimoja kabla ya kwake, akafika nyumbani Kimbo akihema, akatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Siku ya tatu akawaza jambo ambalo mtu aliyezoea kuletewa kila kitu mezani ndiye anayeweza kuliwaza. Mtu wa kutembea alikuwa naye tayari. Alikuwa baba yake.

Mzee Kang'ethe alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu afiwe na mkewe aliishi peke yake Kalimoni. Zamani alikuwa msimamizi katika shamba la kahawa, na miguu yake haikuwahi kupata habari kwamba amestaafu. Alitembea kwenda kanisani, dukani, mtoni, na kwa jirani yake Mwangangi kuuliza tu kama ng'ombe amezaa. Kalimoni nayo iko kati ya Thika na Kimbo. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na jioni, Githae alipita pale Juja penye njia ya kwenda kwa baba yake, na kila siku alijiambia kwamba ipo siku atashuka.

Jumamosi hiyo alishuka. Alimpelekea mzee simu yake ya zamani, yenye app ile kwa jina lake Githae, akamwonyesha namba zinazopanda mtu anapotembea, akamwambia aiweke mfukoni mwa shati asiitoe.

"Yaani mimi nikitembea, wewe ndio unahesabiwa?" mzee akauliza.

"Ndio, Mzee."

Mzee Kang'ethe alicheka mpaka akakohoa. "Hii serikali ya ofisi yenu ni ya ajabu. Na ukipata hiyo Ijumaa, utafanya nini nayo, Baba?"

Alimwita hivyo kwa sababu Githae alikuwa kifungua mimba na alibeba jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Kwa hiyo mzee akimwita mwanawe alikuwa kama anamwita baba yake mwenyewe.

"Nitakuja hapa," Githae akasema. "Tuzunguke shamba."

Uso wa mzee ulibadilika. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwomba mwanawe jambo hilo moja. Shamba lake lilikuwa la ekari mbili, na mipaka yake ilikuwa imeonyeshwa kwa itoka, ule mmea wa majani marefu ambao wazee waliupanda mpakani kwa sababu ukishashika hauhami. Itoka hizo zilipandwa na babu. Babu alimtembeza Kang'ethe mpakani akiwa kijana, mguu kwa mguu, akimwambia hapa simama, hapa pinda. Sasa zamu ilikuwa ya Githae, na jambo hilo halifanywi kwa simu wala kwa karatasi. Baba na mwana hutembea, basi.

"Sawa," mzee alisema. "Basi acha nikutafutie hizo Ijumaa."

Wiki ya kwanza alipata hatua elfu hamsini na sita. Ijumaa saa sita Githae akachukua koti lake, na Maluki wa ofisi ya malipo akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Githae, elfu hamsini na sita na shati bado iko na pasi? Unatembeanga ukiwa umelala?"

Watu wakacheka, Githae naye akacheka, akaondoka. Alikuwa na nia ya kushuka Juja, na hilo tumwamini. Lakini jua lilikuwa kali, akaona njia ya Kalimoni ilivyo ndefu, akakumbuka kwamba kwa Ciku, ile baa ya pale Kimbo, Ijumaa kuna nyama ya mbuzi na viti vyenye mito. Akajiambia, Ijumaa ijayo. Akaenda akaketi. Mtu aliyekaa wiki nzima akapewa nusu siku ya kuinuka, akaenda kuikalia.

Jioni mzee akapiga simu. "Baba, tulifikisha?"

Githae alikuwa na nyama mdomoni. Angesema, tulifikisha lakini nimechoka, nitakuja wiki ijayo. Yalikuwa maneno machache tu. Badala yake akasema, "Bado kidogo, Mzee. Wamepandisha. Sasa wanataka elfu sitini."

"Haiya! Hawa watu hawashibi," mzee akasema. "Usijali. Nitaongeza."

Akaongeza. Ijumaa ya pili zikawa elfu sitini na moja, na kwa Ciku kulikuwa na mpira. Githae akasema sasa ni elfu sitini na tano. Ijumaa nyingine mvua ilitishia, akasema elfu sabini. Uongo ule haukumgharimu kitu, ndiyo maana alikuwa mkarimu nao hivyo. Kila jioni mzee alimpigia simu kumpa hesabu ya siku, sauti yake ikiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi tena. "Leo ni elfu tisa na mia nane, Baba. Nilienda mpaka mtoni nikarudi mara mbili. Mwangangi anasema nimerukwa na akili."

Huo ndio utamu aliokuwa akiuonja mzee, na Githae aliujua. Baadaye alitaka kujitetea kwamba matembezi yalimfaa baba yake, kwamba alikuwa akichangamka. Lakini mwezi wa nne mzee alianza kusema goti lake linasumbuasumbua.

"Si upumzike, Mzee," Githae alimwambia.

"Nikipumzika tutarudi nyuma. Tumebakisha kidogo tu. Ukikuja nitapumzika."

Githae akasikia mzee akihema upande ule wa simu. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine nyingi. Kila alipofungua mdomo aliona aibu, na kila alipoona aibu aliahirisha, na aibu ikazidi kukua. Ofisini nako Surekha alibandika jina lake ukutani karibu na mlango, namba moja, akawaambia wengine wajifunze kwake. Githae alipita mbele ya jina lile akitazama chini. Alikuwa ameongeza kilo tatu.

Ijumaa zilifika kumi. Kumi zote alizikalia.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua ya masika ikinyesha toka asubuhi. Githae alikuwa akifunga kompyuta Mwangangi alipompigia simu. Mzee ameanguka, alisema, mguu wa kushoto umegeuka vibaya, na wako njiani kumleta hospitali Thika. Githae alikimbia. Hakufika hata kona ya pili kabla kifua hakijambana, ikabidi asimame ameshika ukuta wa duka la watu, huku baba yake akipitishwa barabarani na gari lililompita palepale.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari akawauliza mzee wa umri ule alikuwa akienda wapi na mvua ile.

"Alikuwa hana mahali anaenda, daktari," Mwangangi akajibu. "Alikuwa anazunguka tu uwanja wa kanisa. Nilimwambia ingia ndani, akaniambia amebakisha mia nane."

Mwangangi hakujua mia nane za nini. Githae alijua. Aliketi kwenye benchi la hospitali akalia wazi, bila kujificha, na wauguzi wakadhani analia kwa huruma.

Mzee alifanyiwa upasuaji, akalala wodini wiki tatu. Aliporudi Kalimoni alirudi kwa kiti cha magurudumu. Daktari alisema huenda akasimama kwa kushikiliwa, lakini kutembea tena kwa miguu yake wasikutarajie. Githae akamwendea Surekha, akamweleza yote, akasubiri kufukuzwa kazi. Surekha aliinuka, akalitoa lile jina ukutani.

"Mimi siwezi kukuambia kitu," alisema. "Ijumaa hii moja nakupa, enda. Lakini baba yako anajua?"

Hakujua. Na Githae, wiki zote zile za kukaa kando ya kitanda, alikuwa amemlisha uji, amemkata kucha, amemnyoa ndevu, na hakuwa amemwambia.

Basi Ijumaa hiyo alishuka Juja saa sita na nusu, akatembea njia yote ya Kalimoni, akifika mahali anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Mzee alikuwa tayari ameketi mlangoni amevaa kofia yake ya kanisani.

"Leo umekuja," alisema. "Nipeleke mpakani, Baba."

Githae akasukuma. Palikuwa na kilima kidogo tu, cha kupandwa na mtoto wa nasari bila kukitambua, na kilimshinda mara mbili. "Pole pole," mzee alikuwa akimwambia. "Shamba halina miguu." Walipofika ukingoni mwa shamba, kando ya barabara, magurudumu yakazama kwenye udongo laini, na kiti kikakataa kwenda mbele. Mahindi yalikuwa yamekua, yamefunga kila kitu.

Mzee akanyoosha mkono. "Itoka ya kwanza iko nyuma ya ule mparachichi. Kutoka pale unashuka hatua arobaini, unapinda kulia kabla ya jiwe. Ya pili... ah, hapa siwezi kuona. Ingia utafute."

Githae akaingia. Alitafuta akisukuma mahindi kwa viganja, jasho likimwingia machoni, akapata magugu na mparachichi, akapata mawe mengi, na asijue ni lipi. Itoka aliipata moja. Nyingine ziko wapi, angezijua mtu mmoja tu, naye alikuwa ameketi barabarani hawezi kufika. Akarudi mikono mitupu, viatu vimejaa matope, pumzi zimekwisha.

Mzee alimtazama, na uso wake ukaingia huzuni ambayo Githae hakuitarajia.

"Unisamehe, Baba," mzee alisema. "Ni mimi nilikuangusha. Kama ningejikaza kidogo zaidi tungefikisha zile hatua zao, ungekuja nikiwa na miguu."

Githae akapiga magoti palepale kwenye tope. Hakuwa na namna nyingine.

"Mzee, tulifikisha," alisema. "Tulifikisha wiki ya kwanza. Hawakupandisha. Elfu hamsini ndio walitaka toka mwanzo. Ni mimi nilikudanganya."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Mzee Kang'ethe akafanya hesabu yake.

"Ijumaa ngapi?"

"Kumi."

"Na ulikuwa unaenda wapi?"

"Sikuwa naenda mahali. Nilikuwa nakaa tu, kwa Ciku, Kimbo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za mtu asiyemjua vizuri. Githae alingoja matusi. Aliyataka matusi. Angepigwa kofi angeshukuru. Lakini mzee aliyaondoa macho yake usoni mwa mwanawe, akayapeleka kwenye mahindi, akayaacha huko.

Wakati huo Mwangangi akatokea upande wa pili wa barabara na jembe begani, akawaona, akafurahi.

"Mzee! Leo kijana amekutoa inje! Si ulikuwa unasema ofisi haimwachilii?"

Githae hakuthubutu kuinua kichwa. Alisikia baba yake akikohoa, akisafisha koo.

"Haikuwa inamwachilia," Mzee Kang'ethe alijibu. "Unajua kazi za hawa watoto. Ni leo wamempa ruhusa."

Mwangangi akasema ni vizuri, akawatakia mchana mwema, akaenda zake. Githae akainuka, akashika kiti, akaanza kukirudisha nyumbani.