Ngazi Zilizooshwa Kuanzia Chini

Shangazi alipotuletea lile zulia la ngazi, hakulileta kama zawadi. Alilileta kama mtihani. Lilikuwa na rangi ya maziwa, laini kama shavu la mtoto mchanga, rangi ambayo mtu mwenye akili zake angeitundika ukutani, si kuitandika mahali anapopita baba yangu. Fundi alipomaliza kulipigilia, Shangazi alisimama chini ya ngazi, mkono kiunoni, akamwambia mama, "Wifi, mimi nitarudi. Nikikuta limegeuka rangi ya chai, nalibandua naondoka nalo."

Mama akacheka. Baba akacheka. Mimi sikucheka, maana shangazi yangu namjua. Yule akikutania, ujue keshaamua.

Kuanzia hapo mama akawa mlinzi wa zulia. Viatu mlangoni. Chai haipandi juu. Baba akishuka, anaulizwa ameosha miguu lini, kama anavuka mpaka wa nchi.

Lakini usafi wa kwetu nao una mambo yake. Ngazi zetu zinapinda katikati, kwa hiyo ukikaa kwenye sofa unaziona mpaka kwenye kona, basi. Baba ni mwalimu wa jiografia, na mtu wa jiografia akiona kitu lazima akigawe kanda. Sehemu ya chini akaiita Usoni. Ya juu, baada ya kona, akaiita Kisogoni. Usoni palisuguliwa kila wiki. Kisogoni palisuguliwa pakikumbukwa, na kumbukumbu za familia yetu ni fupi. Tena kila mara tulianza na kidato cha chini kabisa, kwa kuwa ndicho anachokiona mgeni kwanza. Tukifika kwenye kona, mikono imekufa ganzi, tunakwenda kunywa maji, hatuonekani tena.

Basi Shangazi akapiga simu. Mama alipoikata, sura ilikuwa imembadilika.

"Baba watoto, dada yako anakuja Jumamosi jioni."

"Akaribie tu," Baba akasema, macho kwenye gazeti.

"Analala."

Baba akaliweka gazeti chini. Vyumba vya kulala viko juu. Kulala maana yake ni kupita Kisogoni.

Jumamosi asubuhi mama akajifunga kibwebwe. Baba akapewa ndoo, mimi brashi. Tukaanza kidato cha chini, kama kawaida yetu, wala hakuna aliyefikiri mara mbili. Kwanza unapiga brashi kavu kufuata ulalo wa manyoya, uchafu utoke. Halafu povu, povu tu, si maji, maana zulia likilowa sana linanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Halafu unagandamiza na tambara kavu. Kwenye pembe, pale kidato kinapokutana na ukuta, brashi haifiki, mama akaninyooshea mswaki.

"Mswaki wa nani huu?" Baba akauliza.

"Ulikuwa wako," mama akajibu.

Usoni tulimaliza kwa madaha. Kisogoni ndipo kazi ilipotuonyesha meno. Tambara la kwanza tu likarudi na rangi ambayo sijui niiite nini.

"Hayo maji yana nini?" mama akauliza.

Baba akachungulia ndoo. "Udongo wa juu," akasema kitaalamu. "Wenye rutuba."

"Sugua, mwalimu!"

Tukasugua mpaka kidato cha mwisho, tukaanguka sakafuni juu kule, hoi. Zulia lilikuwa linang'aa. Mama akalitazama kama anamtazama bibi harusi. Halafu tabasamu likamfifia kidogokidogo.

"Jamani," akasema. "Sisi tuko wapi?"

Tuko juu. Sote. Na kati yetu na sebule, jiko na mlango, kuna zulia bichi kuanzia juu mpaka chini.

"Nani alisema tuanze chini?" mama akauliza.

Nikafungua mdomo. "Kwani ilikuwa..."

"Redio, zima!" Redio ndiyo mimi, nyumbani wanadai sina kitufe cha kuzimia.

"Hakuna neno," Baba akasema. "Mgeni anakuja jioni. Mpaka saa hizo litakuwa limekauka. Tulale kidogo."

Hata hatujajinyoosha, tukasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Baba akachungulia dirishani. "Dada! Mapema hivi?"

"Nimepata lifti! Gari la mkaa!"

Mama akashika kichwa.

"Ingia, mlango uko wazi!" Baba akapaza sauti. Tukasikia begi likitua sebuleni, puu.

"Mko wapi?"

"Huku juu!"

"Si mshuke mnipokee!"

"Hatuwezi," Baba akasema.

"Mnaumwa?"

"Tunakauka."

Tukainama juu ya ukingo wa ngazi kuchungulia. Shangazi alikuwa amechuchumaa mbele ya kidato cha kwanza. Mkaa ulikuwa umempaka mpaka kwenye nyusi. Akaligusa zulia kwa ncha ya kidole, akainua macho mpaka yalipofika. "Wifi," akasema polepole, kama mtu anayelipishwa faini, "umelitunza."

Mama akanifinya mkono kwa furaha nusura nipige kelele. Alikuwa ameshinda! Shida ni kwamba Shangazi aliposimama, hakusimama vizuri. Alisimama huku amebana magoti.

"Kaka," akaita, "choo bado kiko huko huko juu?"

"Hatujakihamisha, dada."

"Basi nakuja."

"Vua viatu!" mama akapiga ukelele.

Akavua. Miguu ilikuwa myeusi kuliko viatu.

"Nenda kwa jirani!" Baba akasema.

"Jirani kasafiri," nikamkumbusha.

"Nikurushie magazeti ukanyage?"

"Yatatoa wino!" mama akasema.

"Wifi," Shangazi akaita, na sauti haikuwa tena ya mkaguzi, "mwenzio nimetoka alfajiri."

Mama akalitazama zulia. Akamtazama wifi yake, anavyocheza ngoma isiyo na mpigaji pale chini.

"Panda."

"Lakini wifi, zulia..."

"Panda, dada wa watu! Panda!"

Shangazi akakunja sketi, akapanda Usoni, akapanda Kisogoni, akatupita kama upepo, mlango paa! Kisha tukasikia pumzi ndefu ya mtu aliyerudi duniani.

Tukageuka kutazama ngazi. Kila kidato na unyayo wake, mweusi, umekaa sawasawa, vidole vyote vinaonekana.

"Polisi wangefurahi," Baba akasema. Mama akamtazama.

Shangazi akatoka anajifuta mikono, akaona ngazi, na mazoea yakamtangulia. "Nani huyu kapita hapa na..."

Sote tukaitazama miguu yake. Akashusha macho. Akainua mguu mmoja, akautazama unyayo wake muda mrefu, kama wa mtu mwingine.

"Nileteeni ndoo," akasema.

"Hapana, wifi, wewe ni mgeni," mama akasema, huku ndoo keshaishika mkononi.

Shangazi akanawa miguu, akapiga magoti kidato cha juu, akaanza kusugua akishuka kinyumenyume. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Hapo kwenye pembe bado, wifi. Tumia huo mswaki."

"Naona."

"Usiloweshe. Povu tu."

"Naona, wifi!"

"Nikamsaidie?" Baba akanong'ona.

"Kaa hapo."

Alipofika chini, mgongo ulikuwa umegoma kunyooka. Zulia lilikuwa safi, na bichi, na sisi tulikuwa bado juu.

"Hivi ni shetani gani alinichagulia rangi hii?" akauliza akiwa amejibwaga kwenye sofa.

"Rangi nzuri sana," mama akamjibu kwa upole wa kutisha. "Njaa, wifi. Na jiko liko huko kwako."

Akajikokota kwenda jikoni. Tukasikia sufuria.

"Chumvi iko kabati la kushoto!" mama akapaza sauti. "Na ukimaliza, ulifute jiko!"

Baba akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sawa, wifi," sauti ikajibu kutoka chini.