Ukaguzi wa Kucha

Dada yangu alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaikumbuka vibaya mikono hiyo, na mimi sina mahali pengine pa kuitetea ila hapa.

Tulifanya kazi pamoja katika duka la Baba mdogo, lile lililopakana na kituo cha mafuta. Dada alisimama kaunta. Mimi nilijaza friji, nikapanga mikate, nikapiga deki. Juu ya rafu ya sigara zilining'inia tiketi za bahati nasibu, zile za kukwangua, zinazong'aa kama karatasi za peremende. Baba mdogo ndiye aliyetulea baada ya baba yetu kufariki. Mchana alikuwa bosi wetu na jioni mzazi wetu, na siku akikasirika hatukujua tumjibu yupi.

Shida ilianza pale mteja mmoja alipoirudisha tiketi kwa hasira. "Hii imeshachokonolewa!" Akaonyesha pembeni, mahali ambapo rangi ya fedha ilikuwa imetolewa kidogo tu, kama alama ya sindano. Wakala wa bahati nasibu akaja kueleza. Kuna wauzaji wanaochungulia, alisema. Wanakwangua kijisehemu chenye herufi za siri. Wakiona imeshinda wanaibeba, wakiona haina kitu wanairudisha na kukuuzia wewe. Kamera ya dukani ilitazama mlango na droo ya pesa. Vidole haikuviona.

Ndipo Baba mdogo akaja na sheria yake. Kucha zote zikatwe. Muuzaji asimkwangulie mteja tiketi, hata akiombwa. Na wakati wowote atakapotaka yeye, kila mtu anyooshe mikono aikague, maana unga ule wa fedha hujificha chini ya ukucha hata ukiwa mfupi.

"Tumerudi chekechea," alisema mwenzetu wa zamu, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. "Kesho atakagua na masikio."

"Ya kwako ataagiza jembe," Dada akamjibu, na hata Baba mdogo akacheka.

Alicheka, lakini alikagua. Alivaa miwani yake ya kusomea, akashika kidole kimoja kimoja, akikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mzee fundi viatu. Tangu apate kiharusi, mkono wake ulitetemeka bila kukoma, na mkewe ndiye aliyeshona sasa. Mzee alibaki kupokea viatu na kupiga soga. Kila alipopata upenyo alivuka barabara, akanunua tiketi, akaisukuma kwa Dada.

"Binti yangu, nikwangulie. Mkono wangu leo hauna adabu."

"Mzee, nimekatazwa."

"Umekatazwa kuiba. Kunisaidia nani kakukataza? Haraka, kabla mama hajaniulizia."

Dada alitazama mlangoni, akakwangua kwa ukucha wa dole gumba. Mzee hakushinda kitu cha maana hata mara moja. "Haya," alisema, akapuliza ule unga, "nimewachangia matajiri." Kisha akarudi zake akiburuta mguu, mwenye furaha kama aliyeshinda.

Siku moja, mzee akiwa ndio kwanza ametoka, mteja mwingine akaingia na tiketi iliyochokonolewa. Baba mdogo akatuita sote kaunta.

"Mikono."

Yangu ilinuka dawa ya deki. Ya Redio ilikuwa safi. Chini ya ukucha wa dole gumba la Dada kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa.

"Hii nini?"

"Ni ya mzee fundi, Baba mdogo. Nimemkwangulia sasa hivi. Najua ulikataza. Muulize mwenyewe."

Baba mdogo alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoijua. Alimtuma Redio akamwite. Mzee akaja, mkewe akiwa amemshika kiwiko asianguke.

"Mzee, samahani kwa usumbufu. Huyu binti amekukwangulia tiketi leo?"

"Tiketi gani?" mkewe akauliza. "Si uliniapia, baba? Si nilikwambia nikisikia tena habari za kamari nakuachia kibanda na nyumba narudi kwetu?"

Mzee alimtazama Dada, akamtazama mkewe.

"Mimi?" alisema. "Mimi hapa hununua kiberiti."

Dada alifungua mdomo. Kisha akautazama ule mkono wa mwanamke uliomshikilia mzee, akafunga mdomo. "Labda nimemfananisha," alisema.

"Baba mdogo, mimi nimeona!" nilisema. "Huyu mzee huja kila mara!"

"Wewe ni mdogo wake. Ungesema nini kingine?"

"Na wewe si baba yake?"

Akavua miwani. "Ndiyo maana siiti polisi. Lakini kazi yake hapa imekwisha."

Nyumbani nilimfokea Dada. Alikuwa akikunja aproni ya duka, aliyosahau kuirudisha. "Yule mama akiondoka," alisema, "nani atamfungia mzee vifungo vya shati?"

"Na wewe je?"

"Mimi najifungia mwenyewe."

Halafu wizi ukakoma. Hilo ndilo lililotumaliza. Aliyekuwa akichungulia aliogopa, au alichoka, sijui, na sitajua. Hakuna tiketi nyingine iliyorudishwa, na kila mtu akatikisa kichwa: si mnaona? Wenye maduka wanajuana. Kila alikoomba kazi, habari zilikuwa zimeshafika. Mvua zilipoanza alipata homa ya mapafu, na haikumpa nafasi.

Jeneza alinunua Baba mdogo. Gari alikodi yeye. Makaburini alisimama mbele ya watu, akasema, "Huyu alikuwa mwanangu. Mbele yenu wote, nimemsamehe."

Watu wakanong'ona kwamba ana moyo wa kipekee. Mzee fundi alisimama nyuma na mkewe, ameinamisha kichwa. Kisha wote wakanigeukia mimi, maana kwa upande wetu nilikuwa nimebaki peke yangu, na mtu akishasema maneno kama yale lazima ajibiwe.

Udongo ulikuwa umeshaanza kutupwa.

"Asante, Baba mdogo," nilisema.

Akanikumbatia, akalia kwa uchungu wa kweli, nami nikawa namsugua mgongo ili anyamaze.