Kipovu Kilichokimbia Kiwanja cha Ndege

Micheline alikuwa akiziba kwa nta mdomo wa kichupa cha sindano wakati Kule, fundi mwashi wa mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, alipoingia na nivo, ile pimamaji ya mbao, kwapani. Hakusalimia. Akaiweka mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mama Micheline, nivo yako iko na bongo."

Bongo ni uongo, na Micheline akaiweka nta chini. Tangu alipokimbia Djugu, risasi zikilia nyuma yake, hakuwa tena na shamba. Alikuwa na atelye, karakana ya mabati, mbao ngumu za libuyu, vichupa vya kuokota hospitalini, pombe kali ya kanyanga ya kujazia humo ndani ili kipovu kicheze vizuri, na chuma cha kuchomea nyota ndogo kwenye kila nivo iliyofaulu mtihani. Nyota ile ndiyo ilikuwa jina lake mjini. Mafundi waliitafuta kwa kidole kabla hata ya kuuliza habari za asubuhi.

"Bongo gani?"

"Kipovu kinakimbiaka kiwanja ya ndege. Kila fasi!"

Wakaijaribu mezani, wakaijaribu kanisani, wakaijaribu juu ya kaburi la jirani, aliyekuwa mtu mpole na asingekataa. Kipovu kikakimbia vilevile, kikikipa kiwanja mgongo. Wakaweka beseni la maji uani. Maji yakaegemea ukingo wa upande wa kiwanja cha ndege, yakatulia hapo.

Clarisse, msaidizi wa Micheline, aliyekuwa akipiga msasa mbao, na ambaye kwao Bogoro walikuwa na ng'ombe kabla ya vita, akalitazama beseni kidogo tu.

"Nivo iko muzima," akasema. "Ni muji ndiyo imelala upande."

"Ah, basi!" akasema Kule. Akauliza tofali za kuinulia azianzie upande gani, akaenda zake kazini.

Sababu nayo haikujificha. Ndege zilikuja tupu, zikaondoka na dhahabu, mbao, kahawa na magunia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyaulizia. Kila ndege iliporuka, kipovu kilisogea unywele mmoja. Mtu angedhani mzigo ukiondoka mji utainuka. Wapi! Mji ulizidi kulala.

Biashara ikachangamka ajabu. Kila mtu alitaka nivo: padri kwa ajili ya altare, akina mama kwa ajili ya vitanda vya watoto, Bernadette wa baa kwa ajili ya meza ambazo chupa zilikuwa zikiteleza kwenda kwa wateja wasioagiza. Uwanja wa mpira nao ulikuwa umelala, lakini timu zilibadilishana magoli nusu ya mchezo kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Atelye ikawa vyumba viwili, ikameza baraza ya fundi cherehani kwa idhini yake, ikaajiri vijana. Waliotoka Djugu walikaa mwisho huu wa benchi, waliotoka Bogoro mwisho ule, wakinuniana kwa sababu vita viliwaweka pande mbili. Lakini benchi lenyewe lilikuwa limelala kama mji, na kila ilipofika saa sita wote walikuwa wameteleza, wamerundikana pembe moja, bega kwa bega. Ilibidi wazungumze, hata kama ni kuombana nafasi ya kiwiko. Mwishowe wakawa wanataniana, na Micheline alifurahi mpaka akaimba.

Ndipo akaja komanda wa askari walioushika mji msimu ule. Alikuwa akijenga vila kandokando ya kiwanja cha ndege.

"Mama, nivo zako zinatukana serikali," akasema. "Nataka ile yenye kipovu inakaa katikati. Ao kesho nafunga hii atelye."

Micheline aliogopa, tusifichane. Alilitazama lile benchi na wale vijana waliokwisha kuzoeana. Akiitwa mwongo, nani atainunua tena nyota yake? Akikataa, watakula nini? Akachukua kichupa, akayeyusha ulimbo, akaumimina. Kipovu kikaganda katikati kama nzi kwenye asali. Chuma cha nyota hakukigusa.

Komanda akaigeuzageuza.

"Nyota iko wapi?"

Clarisse akaacha kupiga msasa.

"Nyota, komanda, ni ya zile zinaangaliaka udongo," akasema Micheline. "Hii inaangaliaka weye."

Komanda akacheka kwa furaha, akawaonyesha walinzi wake, akaondoka nayo.

Vila ikasimama, nzuri kweli, ya vigae na nguzo. Wiki ileile ikaanza kuteleza, polepole, kwa adabu. Komanda alipima sakafu kila asubuhi, akaona iko sawa. Ilipofika kwenye uzio wa kiwanja, walinzi wakafungua geti. Ilipofika kwenye ndege, wapakizi, watu waliozoea kupakia chochote kinachowekwa pale, wakaifunga kamba, wakaipandisha. Komanda alikuwa barazani, nivo mapajani, akawapungia mkono. Watu wa Bunia wana heshima, nao wakampungia.

Micheline alikimbia mpaka atelye akihema, akaweka mezani nivo yenye nyota. Vila nzima imekwenda! Bwana Yesu, safari hii mji utainuka. Ndege ikanguruma juu ya mabati. Kipovu kikatetemeka, kikasogea unywele mmoja, kulekule.

Akakaa chini akalia, bila kujificha. Kule, aliyekuja kununua nivo ya pili, akamngoja amalize.

"Mama, usilie. Nivo yako haina bongo hata kidogo."

Akachonga kabari ya mbao, akaisukuma chini ya mguu wa meza, upande wa kiwanja cha ndege. Kipovu kikarudi katikati. Micheline akapangusa macho, akacheka. Tangu siku hiyo kila nivo ya nyota iliuzwa na kabari yake.

Jioni akaja mjumbe wa komanda mpya. Bwana wake naye alikuwa akijenga, akasema, na alitaka nivo kama ile ya mwenzake.

"Bila nyota?" akauliza Micheline.

"Bila nyota."

Clarisse akabandika ulimbo motoni.