Tiyanak Asiye na Meno

Analyn alikuwa na ugonjwa wa kupunguza. Aliwachora viumbe wa hadithi za kwao Antique kwenye kishikwambi, kisha akafuta mstari baada ya mstari mpaka ibaki mistari ile tu ambayo ukiitoa, kiumbe mwenyewe hayupo.

Siku moja picha zake zilikuwa zikisubiriwa mjini Iloilo kwa maonyesho, na ya tiyanak ndiyo iliyochaguliwa kuwekwa kwenye bango. Akampelekea mama yake, Consorcia, aliyekuwa jikoni akikuna nazi, azione kabla ya watu baki.

Mama akaosha vidole kwenye bakuli, akatazama. Alipofika kwa tikbalang, yule mwenye kichwa cha farasi, akacheka, akauliza miguu mirefu namna ile suruali yake inashonwa na nani. Kisha ikaja ya tiyanak: duara jeupe kwenye giza, na ndani yake meno mekundu. Basi.

Kicheko kikakatika. Kwao hakuna asiyemjua tiyanak: kichanga kilichokufa bila ubatizo, kikageuka zimwi linalolia vichakani ili limtafune atakayeinama kulibeba. Analyn alijua pia kwamba kabla yake alizaliwa mtoto akafa. Shangazi alimnong'oneza zamani, lakini wakati akichora wala hakumkumbuka.

"Hakuwa na meno," Consorcia akasema.

"Nani, Mama?"

"Kaka yako. Crisanto."

Akaeleza macho yakiwa kwenye nazi. Mtoto alipopata homa, mkunga alitaka kumbatiza palepale nyumbani, maji tu na maneno machache. Yeye Consorcia ndiye aliyekataa. Mama wa ubatizo alikuwa njiani kutoka Manila, na nguruwe wa karamu alikuwa bado ananenepeshwa. Homa haikuwa na subira hiyo. Mtoto akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, na nguruwe akaliwa matangani. Tangu hapo, hata paka akilia kichakani, majirani hufunga madirisha.

Analyn aliona haya, akatamani ardhi ipasuke immeze. Akayafuta meno. Duara likabaki tupu, kinywa cha mtoto anayetaka kunyonya.

Consorcia akachovya kidole kwenye maji safi, akakipitisha juu ya kioo cha kishikwambi, wima kisha kwa upana.

"Crisanto, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..."

"Na la Roho Mtakatifu," Analyn akamalizia.

Kioo kile hakibagui kidole na kalamu; chochote kikipita, huacha mstari. Kidole kilipoondoka, msalaba uliopinda ulikuwa umechoreka juu ya duara.

"Nimekuharibia kazi, mwanangu. Ufute."

"Huu haufutwi, Mama."

Akaituma picha Iloilo vilevile, na mahali pa jina la picha akaandika la kaka yake.