Mgeni Rasmi Hakuona Mwanzo

Mgeni rasmi aliingia ukumbini wakati marehemu wa mchezo ameshafunikwa shuka. Nyuma ya jukwaa Adija alikuwa ameshika kamba ya pazia, tayari kufunga. Tangu vita vifike Bujumbura walicheza mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Kuwarudisha waigizaji majumbani ilikuwa kazi ya Adija, régisseur wa kikundi, kama taa na tiketi.

Mkurugenzi Léonce akaja mbio, jasho limelowesha tai.

"Funga rido. Munaanza upya."

"Upya namna gani, patron? Anselme anakaa Gasenyi. Barabara itafungwa."

"Mutu mukubwa ataona mwisho bila mwanzo? Ndiye anatulipia huu mchezo wa amani."

"Basi tumurudilie pale pa kupeana mikono tu."

"Adija, we ni régisseur ao waziri? Wenye diploma wanalala mbele ya mulango yangu wanataka kazi yako."

Adija alikuwa na watoto wanne.

Anselme, aliyecheza marehemu, aliketi na shuka mabegani, uso mweupe kwa unga. "Dada Adija, mi nikikufa mara mbili leo, gari itanifikisha?"

Wenzake wakacheka.

"Gari iko," Léonce alisema.

"Wallahi?" Adija aliuliza.

"Nimesema iko!"

Adija akavuta kamba.

Mgeni alisinzia mapema. Makofi ya mwisho yalimwamsha, akataka picha pamoja na waigizaji wakiwa wamepeana mikono. Ikapigwa. Akataka nyingine, maana alidhani alifumba macho. Walipotoka uani, gari halikuwepo. Léonce alikuwa amelituma mtaa wa Asiatique kuleta bia za mgeni.

"Njoo ulale kwangu Buyenzi," Adija alimwambia Anselme.

"Apana, dada. Elsa yuko peke yake na mutoto. Risasi zikianza, atatoka kunitafuta."

Akaondoka kwa miguu, akijipangusa unga shingoni. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima ya Kongo. Nyuma ya Adija, mtu alikuwa akiuliza kwa sauti iwapo mishikaki imeiva.

Asubuhi Elsa alikuja ukumbini, mtoto mgongoni. Anselme hakufika nyumbani. Elsa alikuwa ameuliza njia nzima, na kila mtu alimjibu akiangalia pembeni.

Jukwaani Léonce alikuwa akimfundisha mtu mwingine.

"Patron," Adija alisema, "huyu ni muke wa Anselme. Hajafika kwake."

"Watu wanapotea kila siku, mi nifanye nini? Wageni wanarudi Ijumaa." Akamgeukia yule mwigizaji. "We, lala vizuri. Usipumue kama ng'ombe."

Elsa akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, cha velveti, safu ya mbele.

"Mama, toka hapo. Ile kiti ni ya wageni," Léonce alisema.

Elsa akasimama. Léonce akashuka jukwaani, akatoa leso mfukoni, akapangusa kiti.